Mreno Aliyetafuta Mkono wa Kushoto

Sisi tuliokulia Hail, hapa Maskati, miaka ya tisini tulikuwa na kitu ambacho watoto wa leo, na simu zao zenye kila kitu, hawawezi kukipakua. Tulikuwa na Mreno wetu. Mreno mzima, mchezaji wa kulipwa wa tenisi ya meza, aliyekuja Maskati kuchezea klabu ya mtaani kwetu akapanga nyumba mlango wa tatu kutoka kwetu. Jina lake Tiago, ila sote tukimwita Mreno, naye akiitika.

Kaka yangu Nassor, aliyefanya mazoezi klabuni, ndiye aliyemleta nyumbani. Bibi yetu, mzaliwa wa Unguja, alimtazama toka juu hadi chini.

"Wareno tushawatoa Maskati zamani, na ngome zao tukazichukua. Leo we waniingizia mmoja ukumbini?"

Nassor hakuthubutu kutafsiri. Mreno alitabasamu tu, akala mandazi saba kwa chai ya maziwa, na tangu siku hiyo bibi akawa anamwekea sahani yake.

Meza yetu ilikuwa ubao wa plaiwudi juu ya mapipa mawili uani, wavu wake kipande cha pazia. Baada ya sala ya alasiri watoto wa mtaa tulijazana pale, jasho linatutiririka, kelele mpaka majirani wanafunga madirisha. Raha iliyoje! Mreno akitufundisha, na akipumzika akitusimulia, Nassor akitafsiri, alivyoanza kucheza kwenye ukumbi wa shule kijijini kwao, kisha Ujerumani, kisha Ufaransa, kila mwaka klabu mpya na sanduku lilelile. Sasa alikuwa keshapita thelathini. Mkataba wake ulikuwa wa msimu mmoja, na viongozi wa klabu walimwambia waziwazi: akishinda fainali ya msimu atabaki, akishindwa aende zake.

"Nikitoka hapa, hakuna klabu nyingine itakayonitaka," alisema huku akicheka, lakini mimi sikuona kicheko machoni mwake.

Mpinzani wake wa fainali alikuwa Mchina aliyecheza kwa mkono wa kushoto. Msimu ule alikwishamfunga Mreno mara mbili, kwa mipira iliyokuja kwa pembe asiyoizoea. Mreno alitaka mtu wa kushoto amuanzishie mipira kila siku mpaka jicho lizoee. Aliuliza klabuni, akauliza hadi klabu za Ruwi, mjini, asimpate hata mmoja. Maskini, hakujua kwamba katika nyumba zetu mtoto wa kushoto hunyooshwa kabla hajaota meno yote.

Alipouliza uani kwetu, nikainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa kila tulipozunguka sinia, "Huo wa chooni, Zuwena, ukalie," na nikaukalia kweli, mpaka unakufa ganzi. Nilikula kwa kulia, nikaandika kwa kulia, na mpira nikaucheza kwa kulia, vibaya mno hata kazi yangu ikawa kuokota. Lakini nikiwa peke yangu niliupiga ukutani kwa kushoto, nao ulinitii.

Siku mbili niliendelea kuokota mipira. Ya tatu nikamfuata bibi jikoni, akichoma mandazi, nikamwambia yote. Aliyageuza mpaka la mwisho, akayaepua.

"Akishindwa, ndo arudi kwao?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kazi hana tena?"

"Hana."

Akazima jiko. "Haya. Kula, kulia. Kupokea, kulia. Huo mpira upige unavyojua."

Sijui nilifikaje uani. Nilichukua raketi kwa kushoto, nikaanzisha, na Mreno, mchezaji wa Ulaya nzima, akaukosa, akapiga hewa. Nassor mwenyewe ndiye aliyekwenda kuuokota. Wiki tatu nzima tulicheza, yeye akinifundisha kuuzungusha mpira kama Mchina, mimi nikimtesa kwa nilichofundishwa.

Siku ya fainali bibi naye alikuja ukumbini, na buibui lake na tasbihi mkononi. Walikwenda sawa mpaka seti ya tano. Pointi ya mwisho Mchina alianzisha mpira uliopinda, uleule niliomtupia Mreno mara elfu, naye akauchapa ukampita Mchina kama haujagusa meza. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mreno akaruka vizuizi, akaja tulipo, akaunyanyua mkono wangu wa kushoto juu mbele ya watu wote. Nilimtazama bibi kwa hofu. Alikuwa amesimama, anapiga makofi na tasbihi yake.

Mreno alibaki msimu mmoja zaidi, kisha akaenda kwao kufundisha watoto. Bibi naye ametangulia, Mungu amrehemu.

Sasa nnakaa Mabela, si mbali na Hail, na mwanangu Khalfan ni wa kushoto kama mimi. Anaandika kwa kushoto na mwalimu anamsifu mwandiko. Tenisi ya meza anaicheza kwenye simu, amelala chali, kwa vidole gumba. Hakuna aliyewahi kumkalisha juu ya mkono wake, na nnashukuru. Lakini mara nyingine humtazama nikamwonea huruma, kwa sababu hajui, wala hatajua, utamu wa mtoto anayetoka mbio jikoni baada ya kuambiwa "Haya."