Mke wa Kadinali

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe, glavu na onyo.

"Usilambe kidole, Ilunga," aliniambia mkuu wa hifadhi ya makumbusho. "Hii bandege ya zamani balibapaka arsenic."

Kabla ya hapo nilikuwa nikisafisha ofisi kule Schuman, mtaa wa maofisi hapa Ulaya, na sumu niliyoijua mimi ilikuwa ya kusugulia vyoo. Sasa nilikuwa kwenye ghorofa ya chini iliyojaa ndege waliokufa, na bosi wangu huyo alikuwa padri mzungu mzee aliyewahi kuishi Likasi miaka mingi, akizungumza Kiswahili cha kwetu kunishinda. Tulimwita mon père, yaani baba padri, hata kazini.

Nyinyi vijana mnaobonyeza simu na kumwona ndege yeyote, hebu sikilizeni kazi ilivyokuwa. Tulitunza ngozi. Ngozi ni ndege aliyetolewa nyama, akajazwa pamba, akalazwa chali, kisha akafungwa lebo mguuni. Lebo inataja alikopatikana, na kama ni dume au jike. Bila lebo, yamebaki manyoya tu. Zilizoliwa na wadudu tuliziweka kwenye boksi mlangoni, na kila Ijumaa gari lilikuja kuzichukua zikachomwe, kwa sababu ya ile arseniki.

Nilikuwa kwenye majaribio. Mon père akisaini, ningepata mkataba wa kudumu; na kwa mkataba huo mke wangu, Béatrice, angepata ruhusa ya kutoka Lubumbashi kuja kwangu. Hilo ndilo nililoliombea kila Jumapili.

Wiki ya tatu mon père akaniambia nihamishe makadinali kutoka droo za mbao kwenda kwenye makabati ya chuma. Nikafungua droo, jamani! Ndege mwekundu mwili mzima, kishungi kichwani, uso mweusi kuzunguka mdomo mnene wa kupasulia mbegu. Lebo zilitaja kusini mwa Kanada, mashariki ya Marekani, Meksiko hadi Guatemala. Mon père alinieleza kwamba hukaa vichakani, kingoni mwa misitu na kwenye bustani za watu, na kwamba baridi ikija hahami, huonekana mwekundu juu ya theluji. Jina alipewa kwa ajili ya joho la makadinali wa Kanisa. Nilimpenda hapohapo.

Lakini kando yao walilala wengine kumi na mmoja, rangi ya kahawia, wekundu kidogo tu kwenye bawa, mkia na kishungi. Nikatazama lebo. Wekundu walikuwa na alama ya duara lenye mshale. Hawa wa kahawia walikuwa na duara lenye msalaba chini yake. Mimi mtoto wa parokia, msalaba kwenye karatasi naujua: huyu ameisha, tumwombee. Mshale maana yake aendelee mbele. Nikawapeleka wekundu kabatini. Wale kumi na mmoja nikawatia kwenye boksi la kuchomwa, na ishara ya msalaba nikawafanyia.

Ijumaa asubuhi mon père akafungua kabati. Uso ukamgeuka chokaa.

"Ilunga! Iko wapi bibi yake?"

"Bibi ya nani, mon père?"

"Ya cardinal!"

Padri, kwa kinywa chake mwenyewe!

"Mon père... cardinal haina na bibi."

"Ile ya brun! Ya musalaba!"

"Aaa, ile balikufa. Niliitia mu carton."

"Mais bote balikufa, Ilunga! Humu hakuna hata moya muzima!"

Tukapanda ngazi mbio, mzee akishika kanzu. Gari lilikuwa limewashwa tayari, boksi limo ndani. Mon père akasimama mbele ya gari, mikono juu, mpaka dereva akazima injini. Nililia mbele ya watu wazima. Nilijua Béatrice ndiyo basi tena.

Tulipowarudisha wote, akaniketisha. "Bon. Ule musalaba, njo mwanamuke. Kwa hii bandege, mwanamuke naye anaimba." Kisha akausaini mkataba wangu.

Nimefanya kazi ile mpaka nikawa mwangalizi wa droo zote. Mwaka jana, siku ya kuniaga nikistaafu, nilisimulia kisa hiki kwa mara ya kwanza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Béatrice hakucheka. Tulipofika nyumbani, Berchem, yeye anayeniita papa siku zote akaniita kwa jina.

"Ilunga. Donc kama ile camion ingeenda, miye ningebakia Lubumbashi?"

Miaka yote nimejisifu moyoni kwamba boksini walikuwemo majike kumi na mmoja, na wote tukawaokoa. Nilihesabu vibaya. Walikuwa kumi na wawili.