Mji Alioujua Shangazi kwa Kisogo

Shangazi yangu alikuwa akitembeza wageni katika mji mkongwe, na kazi hiyo aliifanya kinyumenyume. Sisemi kwa mafumbo. Alitangulia, akawageuzia wageni uso, akarudi nyuma hatua kwa hatua huku akisimulia habari za wafalme, na kisogo chake kikimtafutia njia.

Tabia hiyo aliitoa kwenye shule ya chekechea, alikofundisha mpaka akastaafu. Aliamini kwamba ukiwapa watu mgongo, wa mwisho hupotea. Wiki ya kwanza ya kazi mpya aliwapa wageni mgongo, na wa mwisho akapotea kweli. Alipatikana mtaa wa pili ananunua kitasa. Tangu hapo Shangazi hakugeuka tena. "Watu wazima ni watoto wenye hela," aliniambia.

Akazoea. Aliteremka ngazi kwa visigino na kukwepa mashimo bila kuyaona. Hadi siku aliporudi nyuma akaingia kwa kinyozi, mlango ukiwa wazi, akamkalia mapajani mteja aliyekuwa ananyolewa ndevu. Mbaya zaidi, alimaliza kwanza habari za mfalme wa tatu ndipo akainuka.

Kinyozi akalalamika ofisini. Meneja, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, akatunga kanuni: anayetembeza wageni atazame aendako.

"Mama, kesho nitafuatana nanyi," akamwambia Shangazi. "Ukitoka langoni ukafika mnarani unatazama mbele kama watu wengine, kazi ni yako. Ukishindwa, kuna nafasi ya kukata tiketi kibandani."

Kibanda kile kina tundu la kupitisha mkono tu. Shangazi, ambaye hawezi kusimulia hata ndoto bila kumwona usoni anayemsikiliza, alikosa hamu ya chakula. Asubuhi akanichukua nikamshikie mkoba. Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani nasubiri kazi, na mkoba niliuweza.

"Una wasiwasi, Shangazi?"

"Wa nini? Mji huu naujua kama kiganja changu." Akanyoosha mkono anionyeshe, nikaona amenyoosha upande wa nyuma.

Tukaondoka: Shangazi, wageni, meneja, halafu mimi. Alitembea kama mtu aliyeazima miguu. Kwenye njia panda ya kwanza akasimama, na hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote aliiona mitaa ikimwacha. Hakuwahi kuiona ikimjia. Ilikuwa kama jamaa uliyezoea kumwona na kofia, leo kaivua.

"Kulia kwenu," akasema, akinyoosha mkono kushoto, maana kulia kwa wageni siku zote kulikuwa kushoto kwake, "mnaona kasri la mfalme."

Kushoto kulikuwa na kamba ya nguo, na katikati yake bukta pana ya buluu. Wageni wakapiga picha. Mzee mmoja mwenye kofia ya ukili akauliza bendera ile ni ya enzi zipi.

"Za mwisho," Shangazi akajibu.

Tukakata kona, tukakata nyingine, tukatokea uani kwa fundi magodoro, kakaa katikati ya pamba. Shangazi akaeleza kwamba wafalme walipenda sana kulala. Tukatoka, tukazunguka, tukatokea kwa fundi magodoro.

"Karibuni tena," akasema fundi. "Leo nimependwa."

Mara ya tatu tulimkuta ameshatoa benchi. Mzee wa kofia akakaa, akavua viatu.

"Mama, hebu niachie mimi," meneja akasema.

"Haya mwanangu, tuongoze."

Meneja akatangulia kwa kujiamini, bila kumuuliza mtu njia, viatu vikimetameta. Safari hii fundi magodoro hakutukaribisha. Alimwita mkewe aje aone.

"Basi letu linatusubiri mnarani," akasema mama mmoja. "Au limechoka limeondoka. Jua lenyewe limeshapita utosini."

Meneja akafuta jasho. Akamsogelea Shangazi, akasema chinichini, "Mama, geuka."

"Na kanuni?"

"Kanuni iko ofisini. Hapa kuna magodoro."

Shangazi akageuka. Mabega yakamshuka. Akatupitia nyuso mmoja mmoja, akatuambia tushikane mikono, na watu wazima wale wakashikana, meneja akiwemo. Kisha akaanza kurudi nyuma. Kisogo kikakunja kushoto bila kusita, kikapenya kati ya ukuta na pipa, kikainama kabla ya tao ambalo mwenyewe hakuliona. Tukapita kasri halisi, kulia kwetu kweli. "Lile la kwanza lilikuwa tawi," Shangazi akasema. Mnara ukachomoza nyuma ya kichwa chake, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuuona. Basi lilikuwepo.

"Kazi ni yako, mama," meneja akasema. "Ila siwezi kukuacha uwakalie watu. Atafutwe mtu wa kukutangulia, awe anakutajia kilichopo." Akageuka akamtazama mwenye mkoba.

Mimi, ambaye mezani niko radhi kula chakula bila chumvi kuliko kuomba nisogezewe, nikaajiriwa kupiga kelele mitaani.

Asubuhi iliyofuata nikatangulia. Mbele yetu palisimama mkokoteni uliojaa kabichi.

"Mkokoteni," nikasema.

Shangazi, aliyekuwa katikati ya mfalme wa pili, akaketi juu ya kabichi. Mchukuzi hakutazama nyuma. Akainua mikono ya mkokoteni na kuuvuta. Shangazi akaendelea na mfalme wake, uso kwa wageni, nao wakaharakisha kumfuata wasipitwe na neno. Aliponipita ubavuni, nimejibana ukutani, aliinama kidogo akaniuliza bila hasira:

"Mwanangu, ulikuwa unaniambia mimi, au ulikuwa unajisomea?"