Kifungo Chenye Nanga

Wakati nasubiri majibu ya hospitali sikuweza kukaa. Daktari alikuwa amekata kipande kidogo cha uvimbe kwenye titi langu, akakipeleka maabara, akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Nipumzike vipi? Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilichemsha chai nikaisahau jikoni mpaka ikakauka. Mume wangu ni mtu mpole wa maneno machache, na kila nilipopita mbele yake aliniambia, "Mke wangu, hebu tulia." Neno lile lilinikera kuliko uvimbe wenyewe.

Ndipo nilipokumbuka mashine ya kaka yangu. Kaka aliwahi kutafuta dhahabu upande wa Geita, akachoka, akaiacha stoo kwetu. Ni fimbo yenye sahani chini. Ukiipitisha juu ya chuma inalia. Niliibeba hadi ufukweni nje kidogo ya mji wa Mwanza, mahali vyombo vilipokuwa vikitia nanga zamani, kabla mwalo wa kushushia samaki haujahamishwa. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na mchanga uko wazi. Nikaanza kutembea.

Nilipata misumari, vizibo vya soda, ndoana. Kisha vifungo. Cha suruali ya jinzi nilikitambua kwa maandishi yake. Kingine kilikuwa cha sare ya shule, bati jepesi lililokunjwa, limeshaanza kuoza. Taratibu nikajifunza kuvipima kiganjani na kuvigeuza, kwa sababu habari za kifungo ziko nyuma, pale uzi unapopita. Kwa muda ule wa kugeuzageuza, sikuiwaza maabara.

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walinitazama siku kadhaa, mwishowe mmoja akasogea.

"Shikamoo mama. Hiyo unayotafuta ni mali ya Mjerumani, sivyo? Ukiipata usitusahau."

"Marahaba. Natafuta vifungo tu," nikamjibu, nikamwonyesha.

Alicheka, lakini hakuniamini. Kesho yake nilikuta kila nilipochimba pamechimbwa upya, mashimo yanafika magotini. Nikahamia kwenye mawe.

Huko mashine ililia kwa sauti nzito. Nikatoa kifungo kikubwa cha shaba, cheusi, chenye kitanzi imara nyuma. Nyumbani nilikisugua kwa ndimu na mswaki mpaka ikatokea nanga iliyozungukwa na kamba. Nyuma kulikuwa na herufi za kigeni, nusu zimelika. Nikakipiga picha nikaiweka kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaopenda vitu kama hivyo. Mmoja wa ng'ambo alinigombeza kwanza: ndimu inakula shaba kuukuu. Kisha akasema ni kifungo cha koti la baharia, na kwa namna herufi zilivyopangwa, ni cha enzi za ukoloni. Cha nani, hakuna awezaye kujua.

Jibu hilo halikunitosha. Nikawa natembea nacho mkobani, namwonyesha kila mtu. Mama mmoja anayeanika dagaa pale ufukweni alikishika, akasema, "Mama mkwe wangu yuko Nansio, kule kisiwani. Marehemu mumewe alifanya kazi melini, na koti lake lina vifungo vya nanga. Nenda kamwone."

Wiki hiyohiyo hospitali waliniita. Uvimbe haukuwa mbaya. Mume wangu alilia palepale kwenye benchi, mimi nikamshika bega na kumwambia twende. Nilidhani sasa mwili utatulia, lakini miguu iliendelea kuniwasha kutaka kutembea, kama jana yake. Asubuhi iliyofuata nilipanda kivuko kwenda Nansio.

Yule bibi alinipokea vizuri, akaliteremsha koti kutoka msumarini. Kitambaa kilikuwa kimepauka mabegani, na katikati ya kifua nyuzi zilining'inia bila kifungo. Nikakiweka changu kando ya vyake. Vyake vilikuwa vyembamba, nanga haina kamba.

"Mama, havifanani," nikasema. "Hiki ni cha zamani zaidi. Siyo cha mzee."

"Naona. Macho yangu hayajafa." Akanyoosha mkono. "Lakini hapa pana pengo, na wewe una kifungo. Nipe."

Nilisita. Nilikuwa nimekihangaikia kifungo kile kana kwamba kinanidai jina la mwenyewe. Sasa kingeshonwa kwenye koti lisilo lake, na hakuna ambaye angejua tena. Nikampa. Akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Nikautunga. Alishona mwenyewe, polepole. Alipojaribu kukifunga, kikagoma kupita kwenye tundu.

"Basi," akasema, akicheka. "Nani atakifunga? Mwenyewe hayupo."

Akaleta chai na muhogo wa kuchemsha, akaanza kunieleza jinsi mumewe alivyokuwa akishuka melini na koti lile jua likiwaka, jasho linamtiririka, hataki kulivua mpaka mtaa mzima umwone. Nilicheka kweli. Hata hivyo nilikuwa nimeshaushika mkoba wangu.

"Unakimbilia wapi, mwanangu? Muhogo hujaumaliza."

Nilimuaga, nikateremka haraka mpaka gatini. Kivuko kilikuwa bado hakijaonekana. Watu wamekaa juu ya magunia yao, wanazungumza. Mimi nikaanza kwenda na kurudi kwenye daraja la mbao la gati.