Baba na Sinema Bubu ya Acocks Green

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipokubali kumwomba baba anyamaze. Kevin, rafiki yangu wa shule, alitaka kuja na wenzake kutazama sinema yetu, ila hawakutaka kusikia "hayo maneno yenu". Ilinipasa kukataa. Nikasema sawa.

Enzi zetu hapa Birmingham, katika miaka ya sabini, Jumamosi ilinukia bajia na makoti yaliyoloa mvua. Baba, aliyekuwa fundi wa mitambo ya sinema Mombasa, alipewa mikebe kumi na miwili ya kanda za sinema bubu moja ya zamani, iliyotokana na riwaya nene kama tofali. Aliyeitengeneza hakuogopa gharama: alijenga mji mzima, kisha akaugharikisha. Tuliitazama mikebe mitatu kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, mtaani kwetu Acocks Green, shuka la mama likiwa ukutani.

Watazamaji tulikuwa wahamiaji wa Afrika Mashariki, Masingasinga wa Kisumu, Wahindu wa Kampala, sisi Waislamu wa Mombasa: wazee wengi hawakuweza kusoma maneno ya Kiingereza yaliyotokea kwenye shuka, lakini Kiswahili walikijua wote. Basi baba alisimama kando ya shuka akawapa watu wa sinemani sauti. Hakimu alinguruma kama DC wa mkoloni. Tajiri mwovu alibembeleza kwa Kimvita. Bi Sakina, jirani yetu, alimwonya binti wa kwenye shuka, "Mwanangu, mwenye masharubu yule usimwamini." Wajukuu zangu leo huipeleka mbele sinema nzima kwa kidole kimoja, na bado hulalamika kuwa ni ndefu.

Kabla ya Jumamosi ya mwisho nilimwambia baba kwamba maneno yameandikwa, hapana haja ya kusimulia. Akaniuliza, "Wewe ndiye unayetaka?" Nikaitikia.

Kevin na wenzake wakakaa mbele. Maji yakaingia mjini, binti akapanda paani, na ukumbini ikasikika mashine tu. Bi Sakina akageuka.

"Baba Karim, mbona kimya? Anasema nini mtoto wa watu?"

Baba akajibu taratibu, "Muulize Karim."

Nikamtazama Kevin, nikainamisha kichwa.

Wazee wakaondoka mmoja mmoja kabla maji hayajapungua. Baba aliishi miaka mingi baadaye, mpole, mcheshi hata, lakini hakusimulia tena sinema wala hadithi yoyote. Siku hizi kila simu hunasa sauti; sisi hatukuwa na hata redio ya kurekodia. Wajukuu zangu hawajui baba yangu alivyosimulia, na mimi nimeanza kusahau. Niliipoteza sauti ya baba yangu, na aliyeinyamazisha ni mimi.