Kamba ya Bi Time ya Shibiri Kumi

Saa mbili asubuhi, Makangale. Bi Time binti Ngwali amekaa kitako uwanjani kwake, kijiti kimelala juu ya goti, majani ya mnazi yaliyorowekwa yako kuliani kwake. Anakunja jani juu ya kijiti, anapitisha ukindu wa kushonea, anakaza. Haangalii mikono. Anaangalia njia, maana leo linasimamishwa paa la chuo kipya cha Kurani, na kabla ya adhuhuri kijiji kitajua kama yeye ni fundi au mbishi tu.

"Wamesema nimezidisha," ananiambia. "Haya. Leo tutaona nani kapunguza."

Nyuma yake, ndani ya jiko, yamepangwa makuti mia na tisini na mawili ambayo hakuna aliyeyaagiza. Ameyashona kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Paa lake limeoza upande mzima wa kusini, na zimebaki wiki mbili masika yaanze.

Bi Time ni mjane wa miaka arobaini na tano hivi. Kwa miaka tisa sasa, makuti ndiyo yamelisha na kuvisha mabinti zake watatu. Siku njema hushona arobaini. Mgongo ukimuuma, ishirini.

Ubishi ulianza mwezi uliopita. Msimamizi wa ujenzi, Bwana Zahran, ambaye baba yake ndiye aliyetoa kiwanja, alipima sakafu ya chuo akapata upana wa mikono kumi na sita. Akaigawa: minane huku, minane huku. Akamwagiza Bi Time makuti mia saba sitini na manane, mbali na ya upenu, ule ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta.

"Nikamwambia, bwana wangu, hayo ni ya kutandika chini," anasema Bi Time. "Paa linapanda. Mgongo wake utakaa mikono sita juu ya ukuta. Mteremko hauwezi kuwa minane, ni kumi."

Bwana Zahran hafichi alichomjibu. "Nilimwambia, Bi Time, sisi tunaezeka chuo, hatuezeki msitu wa Ngezi. Watu wakacheka sana."

Bi Time hakucheka. Mwaka aliofiwa na mumewe alifanya kosa hilo hilo. "Nilipima sakafu kama yeye. Makuti yakaisha, juu kukabaki wazi. Mvua ikapiga siku tano. Tulilala chini ya kitanda, mimi na wanangu, si juu yake."

Tangu hapo alijitafutia njia. Makombamoyo, ile miti inayopanda kutoka ukutani hadi mgongo wa paa, huletwa marefu na hukatwa yakiwa juu, kwa hiyo seremala hana haja ya kujua mapema. Mshonaji anayo. Kazi yake huchukua wiki nyingi, na paa lenyewe bado halipo.

Bi Time huutumia ukuta wa nyumba yake. Kila mkono wa jengo huufanya shibiri moja. Anapanda ukutani shibiri sita, anatia alama ya mkaa. Anatoka ukutani shibiri nane, anachomeka kijiti. Kisha anavuta kamba ya usumba, ile ya nyuzi za makumbi ya nazi, kutoka alama hadi kijiti, anaishusha na kuipima. Shibiri kumi, wala hakuna ukucha uliozidi.

Mwalim Bakar wa skuli alipoonyeshwa, alichora kwenye vumbi: sita mara sita, thelathini na sita, nane mara nane, sitini na nne, ukijumlisha, mia, na mia ni kumi mara kumi. Akamwambia kwamba pembe ikiwa imenyooka kama ya ukuta na ardhi, hesabu hiyo haikosei.

"Kumbe kamba yangu imesoma," akasema Bi Time.

Saa tano, kwenye chuo. Mgongo wa paa umeshapanda. Bwana Zahran mwenyewe anateremsha kamba kutoka juu hadi ukutani, anailaza chini, anaipima kwa mkono wake huku akihesabu kwa sauti. Sita. Saba. Nane. Kamba bado ipo. Sauti inapungua. Tisa. Kumi.

Hakuna anayecheka. Imezidi mikono miwili kila upande, na kila mkono hula makuti arobaini na manane. Yamepungua mia na tisini na mawili, na Makangale nzima kila mtu anaezeka kwake. Yaliyo tayari yako mahali pamoja tu.

"Ningenyamaza ningelala pakavu," Bi Time ananiambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Lakini watoto wangesoma chini ya mvua, na mimi najua ilivyo." Kisha anawageukia wanaume. "Mnangoja nini? Yako jikoni. Chukueni."

Wanapomaliza kubeba, Bwana Zahran anabaki uwanjani kwa Bi Time.

"Bi Time, nyumba yako nusu ya upana ni ngapi?"

"Mikono minne. Mgongo uko mitatu juu ya ukuta. Na nataka liishe kabla ya masika."

Bwana Zahran haingii ndani kupima sakafu. Anachuchumaa penye ukuta, anapanda shibiri tatu, anatoka nne, anavuta kamba.

"Mitano," anasema. "Majani nitatoa kwenye minazi yetu. Bi Zuweina wa nyumbani kwetu na wenzake watakuja kushona nawe, kuanzia kesho."

Bi Time ameshaokota kijiti kingine.

"Vyema, bwana. Na upenu usiusahau."