Mama Ananiona kwa Kamera ya Treni

Nilikuwa nalea wazee Birmingham, shifti za usiku, na Mama alikataa kuamini niko sawa mpaka anione. Shule niliiacha njiani, lakini ujanja ninao. Kando ya reli kulikuwa na bustani ya wapenda treni, yenye kamera inayoonekana kwenye intaneti. Nikamwambia aende saiba kule Nakuru, afunguliwe kamera hiyo kwenye kompyuta za kukodi, nami nitampungia mkono asubuhi nikitoka kazini. Nikavaa makoti mawili nionekane nimenona, nikakaa kwenye benchi nikimsubiri. Simu ikanishtua.

"Wewe! Treni zinapita tu, na wewe umeachama mdomo!"

"Nilikuwa nafikiria, Mama."

"Na kichwa kimelala begani?" Akashusha sauti. "Lala, baba. Hizo treni nitakuangalizia mimi."