Hermani Alivyotafuta Vikopo Dubai

Oliva, mke wa Hermani Tluway, alifariki Oktoba mwaka juzi, siku ya Jumatano, akiwa anachambua maharage barazani. Alisema anasikia kizunguzungu. Hermani akaingia ndani kumletea maji, na alipotoka na kikombe mambo yalikuwa yamekwisha. Hospitali walisema ni presha. Sisi majirani wa kijiji cha Daudi tulikuja, tukaimba, tukachimba, tukazika. Hermani alikuwepo muda wote. Alisimama alipoambiwa asimame, akatupa udongo alipoambiwa atupe, na watu wakasema, "Mzee amejikaza kweli."

Hakuwa amejikaza. Aliniambia mwenyewe baadaye sana, tukiwa tunangoja zamu ya kusaga mahindi. Alisema ilikuwa kama kuangalia msiba wa watu wengine ng'ambo ya bonde. Unawaona wanainama na kuinuka, lakini sauti haikufikii.

Kwa wasiomjua, Hermani alifanya kazi miaka thelathini na mmoja na wapima ardhi wilayani Mbulu. Hakuwa mpimaji. Alibeba mnyororo wa kupimia, alifyeka mistari porini, alichimba mashimo na kusimika bikoni, zile nguzo fupi za zege zinazoonyesha kona za kiwanja. Mnyororo ulipoachwa na vifaa vya setilaiti vikaja, alijifunza navyo. Sifa yake hasa ilikuwa kutafuta bikoni iliyopotea. Shamba linalimwa kwa trekta miaka ishirini, bikoni inafunikwa, mpimaji anapiga hesabu zake na kukuna kichwa, halafu anasema, "Mwiteni Hermani." Walimwita Bashay, walimwita Dongobesh, na mara moja aliazimwa mpaka Basotu, wilaya ya Hanang, kwenye mashamba ya ngano ambako hakuna hata jiwe la kukuelekeza. Alitembea polepole akiangalia majani, akapiga jembe mara mbili, la tatu likagonga zege.

Sasa, zamani kwetu, enzi za babu zetu, mtu aliyefiwa alitengwa. Alikaa na nyumba yake miezi mingi bila kushikana mikono na watu, na ng'ombe wake hawakuchanganywa na wa wenzake. Siku hizi unalia siku chache, wageni wanaondoka, na unatarajiwa uende shamba. Hermani alikwenda. Mvua zilipoanza alipanda, mahindi yalipoota akapalilia. Mdogo wake, Alfredi, alimkuta siku moja anapalilia mistari aliyoipalilia jana yake, ambako hapakuwa na jani la kung'oa. Alikwenda kwenye kilima chenye mtandao mzuri, akampigia simu Judith.

Judith ndiye binti pekee wa Hermani. Ni nesi huko Dubai, mwaka wa tano sasa. Alikuwa amekuja kuzika, akakaa wiki mbili, akarudi kazini. Jioni ile akampigia baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, nataka uje ukae na mimi mwezi mmoja."

"Haya."

"Huulizi utafikaje?"

"Utaniambia."

Judith alisema jibu lile lilimtisha kuliko kama angekataa. Baba yake alikuwa mtu wa maswali. Ukimwambia unakwenda Babati, anauliza kwa gari gani na utalala kwa nani. Sasa alikubali kuvuka bahari kama mtu anayekubali chai.

Alifika Dubai mwisho wa Januari, msimu ambao jua la kule limepoa na watalii wamejaa kama sisimizi juu ya mfupa. Judith alipanga chumba kimoja na jiko, ghorofa ya kumi na moja. Alifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku. Hermani alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Chini kulikuwa na barabara yenye njia sita kila upande, na ng'ambo yake majengo ya vioo, na mbali kabisa, siku isiyo na vumbi, mstari wa rangi ya mchanga ambapo jangwa lilianzia. Siku ya tatu Judith alirudi akakuta wali kwenye sufuria haujaguswa.

"Baba, umefanya nini leo?"

"Nilikaa."

"Jana je?"

"Jana pia."

Judith alikaa kitandani bila kuvua viatu. Hospitalini kwake kuna mwenzake, Mfilipino, mwenye mazoea ya mchezo mmoja. Watu duniani kote huficha vikopo na visanduku vidogo mahali pa wazi, katika miji na misitu, kisha huweka namba za mahali kwenye mtandao. Mwingine huzifuata kwa simu, akikipata kikopo huandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, halafu hukirudisha palepale bila watu kumwona. Wenyewe wanauita geocaching. Judith aliuweka kwenye simu ya baba yake, akamwonyesha ramani ya mji iliyojaa vitone vya kijani.

"Ni kama bikoni, baba. Tofauti yake ni kwamba hizi zimefichwa makusudi."

Hermani aliichukua simu, akazisoma namba. Digrii, dakika, sehemu za dakika. Kisha akauliza swali lake la kwanza tangu Oktoba.

"Huyu aliyepima, kifaa chake kinakosea mita ngapi?"

Judith hakujua. Hermani akasema, "Tuseme tano," akavaa koti.

Kikopo cha kwanza kilikuwa kando ya ule mkono wa bahari unaokata mji katikati. Simu ilimpeleka mpaka kwenye kiti cha mbao, ikamwambia amefika. Watalii walikuwa wanapita, wengine wanapiga picha, mwanamke mmoja anamlisha mtoto barafu ya maziwa. Hermani aliiweka simu mfukoni. Alitazama mahali ambapo mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu mkono wake ungefika bila kutazamwa. Akapitisha vidole chini ya chuma cha uzio. Kulikuwa na kitu kidogo kama kidole gumba, kimeshikwa na sumaku. Ndani, karatasi nyembamba iliyokunjwa, imejaa majina ya watu wa Ujerumani, Korea, Brazili. Aliandika: H. Tluway, Daudi, Mbulu. Akaweka tarehe. Akakirudisha.

"Ulifurahi?" nilimwuliza.

"Hapana," alisema. "Nilikiona tu. Nikaangalia cha pili kiko wapi."

Ikawa hivyo kila siku. Judith akienda kazini, naye anatoka. Alijifunza treni ya juu, alijifunza kwamba kule huwezi kuvuka barabara popote unapotaka. Kimoja kilikuwa nyuma ya msikiti, ndani ya jiwe la bandia. Kingine kilining'inia kwa uzi ndani ya bomba kwenye bustani ya watoto. Vyote alivipata, na kila kimoja aliandika jina lake kwa mwandiko uleule wa fomu za halmashauri. Sharti la mchezo ni watu wasikuone, na hilo halikumpa taabu. Mji ule ulikuwa na watu wa kila rangi wakitazama juu, kwenye minara. Hakuna aliyemtazama mzee mwenye koti la kijivu aliyechuchumaa.

Isipokuwa siku moja, karibu na lile jengo refu kuliko yote, kwenye bwawa ambako maji hurushwa juu kwa muziki. Hermani alikuwa amepiga magoti kwenye shina la mtende, anachunguza magome, mlinzi akamjia kwa Kiingereza. Hermani akajibu kwa Kiswahili bila kufikiri. Mlinzi akacheka kidogo. Alikuwa kijana wa Eldoret, Kenya, jina lake Ezekiel. Hakusema shikamoo, labda kwao hawaizoei, lakini sauti yake ilikuwa ya adabu.

"Mzee, hapa watu hawakubaliwi kuchokorachokora. Unatafuta nini?"

"Kikopo."

"Kikopo cha nini?"

Hermani akamwonyesha simu. Ezekiel akaisoma, akatikisa kichwa.

"Na umekuja kutembea na nani? Mama yuko wapi?"

"Amekufa," Hermani alisema.

Nyumbani hakuwahi kulitamka neno hilo. Hakukuwa na haja, kila mtu alijua, na waliolazimika kulisema walisema ametutoka, amepumzika. Hapo, mbele ya mtu asiyemjua, lilitoka kama jina la kituo cha basi.

"Pole sana, mzee. Lini?"

"Oktoba."

Muziki ulianza, maji yakaruka, watu mamia wakainua simu zao. Mlinzi akageuka, akampa Hermani mgongo, akapanua miguu na kuweka mikono nyuma kama anayelinda mlango wa benki.

"Tafuta haraka," alisema bila kugeuza kichwa. "Mkubwa wangu anapita saa kumi na nusu."

Kilikuwa upande wa pili wa shina, kimepakwa rangi ya gome. Hermani aliandika jina, akakirudisha, akamgusa kijana bega, akaenda zake. Magoti yalimuuma. Zaidi ya hapo, alisema, hakusikia kitu.

Ijumaa ya mwisho Judith hakuwa kazini. Alikodi gari wakatoka mjini mpaka lami ilipoanza kuliwa na mchanga. Kulikuwa na kikopo kimoja kule, kwenye mti wa peke yake, ambacho mwaka mzima watu waliandika kwamba wamekikosa. Hermani alikuwa amekichagua yeye. Aliuzunguka mti. Alipima hatua kutoka kwenye shina, akatazama upande upepo unakotoka, akaangalia mchanga ulivyopanda kwenye mizizi. Akachimba kwa mikono. Akahama, akachimba tena. Mchanga ulirudi shimoni kila alipotoa. Judith alimshikia chupa ya maji, kisha akaiweka chini, kisha akakaa kwenye mchanga, akaanza kulia.

Hermani aliacha kuchimba.

"Mama alipoanguka," Judith alisema, "nilikuwa namvalisha mgonjwa soksi. Simu ikalia, nikaiacha. Nikamaliza na mguu wa pili."

"Hukujua."

"Na wewe baba hujalia hata siku moja. Nimekuangalia. Msibani, uwanja wa ndege, hapa. Kwa nini?"

Hermani alifuta mikono kwenye suruali. Alikaa karibu naye, si karibu sana, kama baba wa kwetu anavyokaa na binti aliyekwisha kuwa mtu mzima.

"Sijui, mwanangu. Nangoja. Kila asubuhi nasema labda leo. Naamka, hakuna kitu."

"Ulimpenda?"

"Miaka thelathini na minne," alisema, kwa kuwa ndilo jibu alilokuwa nalo.

Judith alilia mpaka akamaliza. Hermani alimpa maji. Ngamia wawili walipita mbali, na nyuma yao magari ya watalii yanapanda na kushuka mchanga huku watu wakipiga kelele za raha. Baadaye Judith alimwuliza kama waendelee kutafuta.

"Hapana. Kimeondoka. Andika haikuonekana."

Ndivyo walivyoandika kwenye ripoti za bikoni miaka yote, haikuonekana, halafu mpimaji alisaini na kazi iliendelea. Judith akaandika kwenye simu, wakarudi mjini.

Alirejea Daudi mwishoni mwa Februari. Tulikwenda kumsalimia. Tulitaka habari za minara na dhahabu, tukapata moja tu: watu wa kule ni wengi. Alituletea tende. Kesho yake alikuwa shambani.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Alfredi alileta fundi, Tito, kijana wa hapa hapa, kujengea kaburi la Oliva. Mimi nilikuwepo, nilisaidia kubeba matofali. Hermani alikaa pembeni kwenye ndoo iliyofudikizwa. Tito alipanga mstari wa kwanza, akapanga wa pili, wa tatu, akasimama kunyoosha mgongo. Hermani akainuka, akaja, akatazama kona ya upande wa miguu.

"Hii imetoka," alisema.

"Wapi, mzee?"

"Hii kona. Imetoka nje kiganja kizima."

Tito alitabasamu. "Haitaonekana, mzee. Plasta itaficha."

Hapo ndipo Hermani alipopiga kelele. Sijawahi kumsikia hivyo, na namjua tangu utoto. "Vunja! Vunja yote! Unamjengea nani? Unajua unamjengea nani?" Sauti yake ilipasuka katikati. Alfredi akaja mbio akisema, "Kaka, kaka, saruji itaharibika," naye akamsukuma mdogo wake kifuani, akapiga magoti na kuanza kung'oa matofali mwenyewe, saruji mbichi ikimjaa mpaka kwenye viwiko. Mama Fabiola wa nyumba ya chini alitoka akasimama kwenye uzio, mkono mdomoni. Tito akachutama, akamsaidia kung'oa.

Walianza upya. Hermani alishika kamba mwenyewe, akapima pande tatu za pembetatu ili kona inyooke, akaweka kigingi, akapima tena. Kigingi kilimponyoka mara mbili. Baadaye aliniambia kwamba masikio yalimwaka moto, na kwamba aliogopa, maana alikuwa amesahau jinsi mtu anavyosikia kitu mwilini. Asubuhi yake alikwenda kwa Tito kuomba radhi. Akamwomba radhi na Alfredi.

Nilitegemea baada ya hapo angebadilika, lakini sikuona. Bado ni mtu wa maneno machache, na kanisani hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mwezi wa saba tulipokuwa tunavuna, Judith alipiga simu kuuliza kama atakwenda tena Dubai msimu wa baridi ukianza. Nilimsikia Hermani akimwuliza hiyo ndege itapitia wapi, itasimama saa ngapi, na nani atabaki na ndama. Judith akajibu yote. Hermani akasema atafikiri, akakata simu, akainua gunia lake.